Alichokisikia Didas

Mama Apolonia aliuliza swali lile kwa mara ya kwanza siku walipoondoa tanga la Didas, wageni wakiwa bado wanakunja mikeka. Alimshika binti yake Felicitas mkono, akamvutia nyuma ya banda la jiko, akanong'ona:

"Feli, nilipokuwa nasema naye pale chini, alinisikia?"

"Mungu anajua, mama," Felicitas akajibu.

Hilo halikuwa jibu, na wote wawili walijua. Kwa hiyo Apolonia aliuliza tena wiki iliyofuata. Akauliza wakati wa Kwaresima, akauliza mvua zilipoanza, akauliza siku moja katikati ya kusuka nywele, chanuo limesimama hewani. Hakubadilisha neno hata moja. Alinisikia? Na kila mara Felicitas, ambaye kwa wiki nzima aliweza kuwafundisha watoto hamsini kusoma, alirudia lilelile la Mungu anajua.

Walikuwa watu wa Tabora. Apolonia alishuka kwa treni baada ya kufiwa na mumewe, akaja kukaa na wanawe wawili Kinondoni: Didas, karani wa ghala la mbao kule Chang'ombe, na Felicitas, aliyetoka chuo cha ualimu cha masista na kupewa darasa la pili katika shule ya jirani. Felicitas alikuwa na sauti ndogo mno, hata watoto wa madawati ya nyuma walilazimika kunyamaza ili wamsikie, na labda hiyo ndiyo sababu darasa lake lilisifiwa kwa utulivu. Didas alikuwa kinyume chake. Yeye ungemsikia kabla hajakunja kona.

Ndani ya sanduku lake la bati Apolonia alikuja na kibangwa cha marehemu baba yake. Kilikuwa kipande cheupe cha mviringo, kinene, kipana kama mdomo wa kikombe, na upande mmoja kilikuwa na mchoro uliojizungusha kuelekea katikati. Kwao kilivaliwa na watu wa heshima, shingoni au kwenye paji la uso. Wanawe walikua wakidhani ni jiwe. Babu alisema tu kwamba kilitoka pwani zamani, kikapanda bara mabegani mwa wapagazi, na kwamba mtu alitoa ng'ombe wawili ili akipate.

Didas alikichukua kile kibangwa sandukuni akampa Mwanaheri.

Mwanaheri alikuwa binti wa mtaa wa pili, mshonaji wa kofia, Mwislamu, mcheshi, mwenye pengo la kupendeza katika meno ya mbele. Apolonia aligundua bombani, kwenye foleni ya maji. Aliinua macho akaona kibangwa cha baba yake kinaning'inia kwenye shingo ya msichana asiyemjua, kimetungwa kwenye uzi wa kofia. Aliacha ndoo yake palepale ikijaa na kumwagika, akarudi nyumbani.

"Kakirudishe," alimwambia Didas jioni ile.

"Mayo," Didas alisema, akimwita mama kwa Kinyamwezi, "kitu ukishampa mtu hukiombi tena."

"Hukuwa na ruhusa ya kukitoa."

"Ningekuomba ungekataa."

"Basi ulijua."

Kuanzia hapo hakusema naye tena. Alisema kupitia kwa Felicitas, hata Didas akiwa ameketi mbele yake anakula. "Mwambie kaka yako chumvi ile pale." "Mwambie kaka yako shati lake limechanika kwapani." Didas naye alijibu kwa njia hiyohiyo, kwa kuigiza sauti ya karani mbele ya bwana mkubwa: "Mwambie mama yako barua yake imepokelewa na inashughulikiwa." Felicitas alicheka mwanzoni. Kununiana kule kulipofika mwezi wa tano hakuna aliyecheka tena. Apolonia alidai ni kwa ajili ya kibangwa. Watoto wake walijua kwamba ni kwa ajili ya Mwanaheri pia, na kwamba mama yao angeweza kusamehe jambo moja kati ya hayo mawili, lakini hakujua aanze na lipi.

Ndipo ikafika Jumapili ile ya Januari, mwaka 1955.

Walitoka kanisani, Apolonia akarudi nyumbani kupika, Didas na dada yake wakashuka Msasani kutembea. Maji yalikuwa yamekupwa sana, mwamba wote uko wazi, na wanawake walikuwa wameinama huku na huku wakiokota kombe na pweza. Mmoja wao alikuwa Hamisa, jirani yao wa nyumba ya tatu, Mzaramo wa palepale. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na Hamisa na Didas hawakuwahi kukutana bila kutukanana. Mtaa mzima uliwasubiri waanze.

Didas alivua viatu akaingia kwenye vidimbwi. Baada ya muda Felicitas alimsikia anaita.

"Feli! Feli, njoo uone!"

Mkononi alikuwa na konokono wa bahari, mkubwa kama ngumi ya mtoto, mwenye umbo la pia ya kuchezea, mgongo wake umechorwa kama wavu wa kahawia juu ya weupe. Didas hakuutazama mgongo. Alimgeuza yule konokono akamwonyesha dada yake kitako kipana, mistari imejizungusha kuelekea katikati.

"Unakijua hiki?"

Felicitas alitazama, akaziba mdomo. "Kibangwa!"

"Kibangwa! Kumbe si jiwe. Kumbe ni mgongo wa mnyama, na mwenyewe yumo ndani." Alicheka mpaka akapaliwa. "Mtu katoa ng'ombe wawili, na huku vinalala majini bure. Nitakata kitako hiki, nikisugue kwenye jiwe mpaka king'ae. Mayo atavaa chake, Mwanaheri atavaa chake. Sasa atakosa la kuninunia."

Hamisa alikuwa hatua kumi kutoka pale. Aliinuka, mkono kiunoni, akatazama alichoshika Didas, akapaza sauti.

"Wee Mnyamwezi! Tupa hiyo! Huyo ana mwiba, atakuua leo hii!"

"Nikifa utanibeba wewe, Mzaramo. Si ndiyo kazi yenu?"

"Nikubebe mie? Na tumbo hilo lililojaa viazi? Nitakuacha hapo kaa wakutafune!"

Wanawake wote wakaangua kicheko. Hamisa mwenyewe akacheka. Kisha akaongeza, "Tupa bwana, sikutanii," lakini hayo ndiyo maneno ambayo mtani huyasema kila siku anapotania, na Didas akamwinamia kama anayemshukuru bibi harusi. Alikifunga kile kikonokono katika leso, akaishika leso kiganjani.

Hawakufika mbali. Didas alisema "Aa!" akatikisa mkono, kama aliyeumwa na nyigu. Kwenye kiganja palikuwa na kidoa kidogo, kama ncha ya kalamu. Hapakuwa na damu.

"Mzaramo kaniroga," alisema, akahamishia leso mkono wa pili, wakaendelea na safari.

Kufika barabara ya Bagamoyo vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Kisha midomo. "Feli, midomo yangu siisikii. Nicheki kama ipo," akasema, na Felicitas akacheka, Mungu amsamehe, akacheka. Kisha Didas akasema anaona barabara mbili, afuate ipi? Sauti yake ilikuwa imelegea. Karibu na nyumbani alikuwa anayumba, na dada yake, mdogo kwake kwa umbo na kwa miaka, alikuwa amemkamata kiunoni anamburuta.

Apolonia aliwaona wakiingia uani. Alimwona mwanawe anayumba, kope zimemwangukia, ulimi mzito. Didas alimnyoshea ile leso. "Mayo, hiki..." alisema, na maneno mengine hayakutoka.

Apolonia alimgeukia Felicitas.

"Mwambie kaka yako akalale. Jumapili ya Bwana, analewa mchana kweupe."

Hapo miguu ya Didas ikaisha nguvu. Alianguka taratibu, kama mtu anayeketi.

Mfaume, mwenye nyumba wao, alitoka mbio kutafuta gari la kumpeleka hospitali. Felicitas alipiga magoti. Kifua cha kaka yake kilipanda kidogo, kikakawia, kikapanda kidogo zaidi, kikaacha. Midomo ilianza kuwa ya rangi ya jivu. Na katikati ya hofu yote ile akakumbuka mkeka wa ukumbi wa chuo, na sista akiwafundisha jinsi ya kumpumulia mtu aliyezama. Akamlaza kifudifudi, uso upande, mikono imekunjwa chini ya shavu. Akakaa kichwani pake, akakandamiza mgongo, hewa ikatoka. Akashika viwiko akaviinua, hewa ikaingia. Kandamiza. Inua. Kandamiza. Inua. Rangi ya midomo ikarudi.

Didas hakusogea. Hakufumbua jicho. Lakini hewa iliingia ikatoka, na Felicitas hakuacha. Jasho lilimdondokea kaka yake mgongoni. Wanawake wa mtaa walijaa uani, na mmoja baada ya mwingine wakaanza kulia ule mlio unaojulikana.

Hapo ndipo Apolonia, aliyekuwa ameishika miguu ya mwanawe, alipotambaa kwa magoti mpaka kichwani, akalaza shavu lake chini kwenye udongo, mdomo sikioni mwake.

"Didas. Ni mimi, mama yako. Nasema na wewe mwenyewe, sisemi na Feli. Nimekusamehe. Kibangwa ni cha kwake, avae. Mwoe, nitakuja harusini, nitacheza. Unanisikia? Amka ukamwambie."

Alisema hivyo mara nyingi, akibadilisha mpangilio wa maneno. Felicitas aliyasikia yote, huku anakandamiza na kuinua, kandamiza na kuinua, mpaka mabega yake yakaanza kutetemeka yenyewe. Ilikuwa imepita karibu saa nzima na nusu. Gari lilikuwa halijaja. Akakumbuka tena jambo alilofundishwa: mtu akiwa hai, mboni ya jicho husinyaa mbele ya mwanga. Aliomba kiberiti. Alimgeuza kaka yake kidogo, akainua kope kwa kidole gumba, akawasha njiti, akaisogeza. Mboni ilikuwa pana, nyeusi, tulivu. Haikusinyaa. Akawasha ya pili. Akawasha ya tatu mpaka ikamuunguza. Alitafuta mapigo kwenye shingo, lakini vidole vyake vilikuwa vinapiga vyenyewe kwa uchovu, asijue ya kwake ni yapi na ya kaka yake ni yapi.

Mama yake alikuwa anamtazama usoni, na usoni akasoma.

"Mwache, Feli," alisema. "Amekwenda. Usimvunje mbavu. Mwache mwanangu apumzike."

Felicitas aliinua mikono yake kutoka mgongoni mwa Didas, akaiweka mapajani. Mfaume alifika na lori la mchanga nusu saa baadaye.

Kwenye msiba Hamisa alikuja kama mtani anavyopaswa kuja. Watu walimtazama, wakimngojea aanze: ajifunge shuka la marehemu, aigize anavyotembea, adai kulipwa ndipo jeneza litoke, ili wafiwa wacheke kidogo katikati ya machozi. Hamisa alisimama mlangoni. Alifumbua mdomo. Kisha akakaa chini pale alipokuwa amesimama, akajifunika kanga kichwa kizima. "Nilimwambia," alikuwa anasema ndani ya kanga. "Wallahi nilimwambia. Nilimwambia kwa mdomo mbaya."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Na ndipo likaja lile swali, na likaendelea kuja.

Mwezi wa saba daktari wa serikali alitembelea shule kukagua macho ya watoto. Aliitwa Adelard, kijana wa kutoka Bukoba aliyesomea Makerere, mpole, na alimwita kila mtoto "mzee". Felicitas alimpangia watoto mstari. Mmoja mmoja daktari aliinua kope, akamulika tochi, mboni ikasinyaa. Akamulika, ikasinyaa. Felicitas alisimama pembeni akiandika majina, na alipofika jina la ishirini kalamu ikasimama.

Watoto walipotoka, alikusanya ujasiri wake wote.

"Daktari, mboni isiposinyaa, ina maana mtu amekufa?"

"Mara nyingi. Si kila mara." Daktari alikuwa anafunga mkoba. "Kwa nini?"

"Nauliza tu. Kuna mtu aliumwa na konokono wa bahari. Wale wenye umbo la pia."

Daktari aliufungua mkoba tena, bila sababu, kama mtu aliyesahau alikuwa anafanya nini. Alikuwa mtu wa kupenda kusoma, na wapenda kusoma hufurahi wakiulizwa. Alichukua chaki.

"Umewahi kumsafisha ngisi, mwalimu? Hata mimi sijawahi, sisi wa bara. Lakini ngisi ana neva moja nene kama uzi wa kushonea, na huko Uingereza wataalamu wameichunguza hiyo. Neva ndiyo inayopeleka habari mwilini: inua mkono, vuta pumzi." Alichora bomba refu ubaoni. "Nje ya neva kuna chumvi, kama ya baharini. Ndani kuna chumvi ya namna nyingine. Ngozi ya neva ni kama ukuta wenye vilango vidogo mno. Habari ikifika, kilango kinafunguka, chumvi ya nje inaingia, na kilango cha jirani kinashtuka, kinafunguka, na cha jirani yake, hivyo hivyo mpaka kwenye msuli. Hiyo ndiyo habari yenyewe. Ni milango inayofunguka kwa zamu."

"Na sumu?"

"Sumu ya huyo konokono bado haijajulikana vizuri. Lakini mimi ninavyodhani, inafunga milango, au inazuia habari isivuke kutoka neva kwenda kwenye msuli. Mkono hauinuki. Kope haifunguki. Kifua hakipandi. Hata ule msuli mdogo wa mboni." Alichora alama ya mkato katikati ya bomba. "Nimesoma habari za watu walioumwa visiwa vya mbali huko. Cha kusikitisha ni kwamba akili haiguswi. Mtu amelala kama maiti, na anajua kila kitu."

"Anasikia?"

"Waliopona walisema walisikia. Sumu yenyewe si ya kudumu, unajua, huisha baada ya saa kadhaa na milango inafunguka tena. Mtu akipata wa kumpumulia kwa muda wa saa sita au nane, bila kuacha, anaweza kuamka akaomba maji."

Alipogeuka kutoka ubaoni alimwona mwalimu amekalia dawati la mtoto, magoti yamemfikia kifuani, mikono yake miwili ameishika mbele yake kana kwamba imemwagikiwa na kitu.

"Mwalimu. Ni nani huyo mtu?"

"Ni kaka yangu. Niliwasha kiberiti, mboni haikusinyaa, nikaacha kumpumulia."

Daktari Adelard aliweka chaki chini. Kisha akachukua kifutio akafuta ubao wote, polepole, mpaka pembeni kabisa. "Mimi mwenyewe nimeyasoma mwaka huu," alisema. "Ningekuwepo pale siku ile, na mimi ningewasha kiberiti."

Felicitas hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alizunguka njia ya makaburini, lakini hakuingia. Alikuwa na jibu sasa. Mama yake alikuwa ameomba jibu moja tu tangu Januari, na alilo nalo ni jibu hilohilo: ndiyo, alikusikia. Lakini maiti haisikii. Akisema alikusikia, amesema alikuwa hai. Na akisema alikuwa hai, basi mama aliyesema "mwache" atajua alisema nini, na binti aliyeinua mikono atajulikana aliinua mikono kutoka kwa nani. Akisema hakukusikia, amemnyima mama yake neno la pekee alilompa mwanawe baada ya miezi mitano ya kimya. Alipima huku, akapima huku, mpaka akajikuta yuko mlangoni.

Apolonia alikuwa anachagua mchele, ungo mapajani. Alimsogezea mtoto wake kigoda. Kisha, bila kuinua uso:

"Feli. Alinisikia?"

"Alikusikia, mama."

Vidole vya Apolonia viliendelea kuchagua. Punje, punje, jiwe. Felicitas alingoja. Alikuwa ametayarisha uongo mdogo: kwamba Didas alikata roho papo hapo baada ya kusikia, kwamba yeye mwenyewe alihisi moyo ukisimama. Lakini mama yake hakuuliza alijuaje.

"Miguu yake ilikuwa na joto," Apolonia alisema. "Nilipokuambia umwache. Nilikuwa nimerudi kuishika, na ilikuwa na joto, Feli. Nikajiambia ni joto la mikono yangu."

Ule uongo mdogo ukayeyuka mdomoni mwa Felicitas.

"Kama alisikia la kusamehewa," mama yake akaendelea, na sasa aliinua uso, "basi na lile la pili alilisikia. Alinisikia nikisema mwache."

Hilo Felicitas hakuwa amelifikiria. Njia nzima alipima mambo yote, asilifikirie hilo, nalo mama yake alikuwa amelibeba miezi sita, akiuliza nusu tu ya swali. Aliuona uso ule, mikunjo yake, macho makavu ambayo hayakutoa chozi tangu siku ya maziko. Akashuka kwenye kigoda, akakaa chini.

"Lile uliniambia mimi, mama," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ndogo. "Yeye ulimwambia sikioni, kwa jina lake. Mimi uliniambia kwa jina langu. Kila mmoja alichukua lake. Na mimi ndiye niliyeinua mikono. Ningeweza kukataa."

"Nilikuwa mama yenu."

"Na mimi nilikuwa na kiberiti."

Ungo uliteleza, mchele ukamwagika sakafuni, na hakuna aliyeuokota. Apolonia alilia hatimaye, kwa kwikwi fupifupi kama za mtoto, na Felicitas alimshika mgongo, na alipohisi mgongo ule ukipanda na kushuka chini ya viganja vyake, alitamani kuondoa mikono. Hakuiondoa.

Baadaye, pua zimeziba, Apolonia alijifuta kwa pindo la kanga.

"Kesho ukitoka shule," alisema, "nenda kwa Mwanaheri. Huyo hajui hata kwamba nilikubali. Mwambie nilikubali, na Didas alisikia."

"Na akiniuliza zaidi?"

Apolonia alitazama mchele uliotapakaa.

"Akikuuliza, mwambie," alisema. "Lakini usimwambie umesimama. Kaa naye kwanza."